Kivumbasi kilichodumaa: jaribu maji ya mlonge

Dada, umeuliza umpe nini kivumbasi chako kilichodumaa hapo Bagamoyo, na dawa za dukani huzitaki. Mimi natumia mlonge. Chuma majani machanga, yatwange na maji kidogo, kamua kwa kitambaa. Kikombe 1 cha maji hayo ya kijani kizito, changanya na vikombe 30 vya maji, nyunyizia majani jioni, kila baada ya wiki 2. Mlonge una zeatini, homoni inayochochea machipukizi. Kamua ya siku hiyo tu, yakilala yanachacha! Samadi usiache, chakula mmea bado unakihitaji. Mwani wa Mlingotini, kijiji cha pwani huko huko Bagamoyo, nao unafaa, ila uoshe chumvi yote kwanza, la sivyo utaunguza majani.