Nilipata A ya hesabu KCSE, mbona uchanganuzi unanishinda chuoni?

SWALI

Mwalimu, salaam. Niko mwaka wa pili, nasomea shahada ya hisabati katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi. KCSE nilipata A ya hesabu, na mwaka wa kwanza kalkulasi na aljebra ya mstari zilinipa alama nzuri. Muhula uliopita nilianguka uchanganuzi wa nambari halisi. Nilikuwa nimefanya karatasi zote za miaka ya nyuma nilizopata, lakini maswali yalipogeuzwa kidogo tu nikakwama. Sasa natakiwa kuchagua njia: hisabati safi, hisabati tumizi, takwimu au akchuari. Wenzangu wananishauri nihamie takwimu niukimbie uchanganuzi. Je, nihame? Kila tawi lina namna yake ya kusomwa, au njia ni moja? Na anayebaki kwenye hisabati safi ataajiriwa na nani hapa Kenya?

Mwanafunzi, Ngara

JIBU

Usihame kwa sababu ya mtihani huo mmoja, kijana wangu. Kama takwimu unaipenda, nenda, nami nitakuunga mkono. Lakini kama unakwenda huko ili kuukimbia uchanganuzi, yaani hisabati ya vikomo na uthibitisho wake, utaukuta umekutangulia. Uwezekano tunaoufundisha leo umesimama juu ya misingi iliyowekwa na Andrey Kolmogorov mwaka 1933, na misingi hiyo ni uchanganuzi mtupu. Kanuni ya nambari kubwa, ile inayosema kwamba wastani wa sampuli huukaribia wastani wa kweli kadiri sampuli inavyokua, ni habari ya kikomo, yaani thamani inayokaribiwa. Na kanuni hiyo ina masharti. Kuna mtawanyo ulioitwa kwa jina la Cauchy ambao hauna wastani kabisa: kusanya data elfu, kusanya milioni, wastani wa sampuli zako hautatulia popote. Mtakwimu asiyejua "kukaribia" maana yake nini hawezi kujua ni lini kanuni yake inamponyoka.

Kwa hivyo tuanze na kilichokuangusha.

Hesabu ya KCSE, pamoja na sehemu kubwa ya kalkulasi ya mwaka wa kwanza, hudai jibu: tafuta x, tafuta mteremko, tafuta eneo. Aliyefanya karatasi nyingi za zamani akikutana na mpya huiona ni ile ile. Uchanganuzi mara nyingi hukupa jibu ndani ya swali lenyewe, kisha hukudai sababu. Ndiyo maana karatasi za zamani zilikutupa. Ulikuwa umehifadhi sura za maswali, na sura ikageuka.

Tazama mfuatano huu: (2n + 1)/(n + 3). Ukiweka n = 1 unapata 3/4, ukiweka n = 1000 unapata takriban 1.995. Hata mwanafunzi wa Kidato cha Nne atakuambia unaelekea 2, na atakuwa sahihi. Mtihani unasema: thibitisha. Kuthibitisha maana yake ni kurudi kwenye fasili. Kikomo ni 2 ikiwa kwa kila epsiloni iliyo kubwa kuliko sifuri, iwe ndogo namna gani, kuna nambari N ambayo kila n inayoizidi huacha pengo lililo chini ya epsiloni kati ya mfuatano na 2.

Toa 2 kwenye (2n + 1)/(n + 3), ufute alama ya kutoa, utabaki na 5/(n + 3). Hilo ndilo pengo. Nikikudai liwe chini ya 1/100, unahitaji n + 3 ipite 500, kwa hivyo unanijibu N = 497. Nikikudai 1/1000, unanijibu 4997. Na nikikudai epsiloni yoyote bila kuitaja, chukua N yoyote isiyopungua 5 gawa kwa epsiloni, na kazi imekwisha. N hiyo inazidi kidogo inayohitajika, na hakuna neno. Naona wanafunzi wengi wakipoteza muda wa mtihani wakiisaka N iliyo ndogo kabisa, na hakuna aliyewaomba. Shuleni tulifunzwa kwamba jibu ni moja na ni lazima liwe kamili. Hapa kinachotakiwa ni makadirio yanayotosha. Ukishalikubali hilo, nusu ya uchanganuzi inafunguka.

Nusu ya pili ni mpangilio wa maneno. "Kwa kila epsiloni kuna N" ni tofauti kabisa na "kuna N inayofaa kwa kila epsiloni". Katika ploti unayokaa, kila mlango una ufunguo wake. Hiyo haina maana kwamba upo ufunguo mmoja unaofungua milango yote. Ukiigeuza fasili ya kikomo iseme kuna N moja inayofaa epsiloni zote, umedai kwamba mfuatano ukishapita N unakuwa 2 kamili na haubanduki tena. Mfuatano wetu haufanyi hivyo hata mara moja, kwa kuwa 5/(n + 3) kamwe haiwi sifuri.

Na usidhani ni wewe peke yako unayejikwaa hapo. Mwaka 1821 Augustin-Louis Cauchy, mmoja wa walioujenga uchanganuzi wenyewe, aliandika kwamba ukijumlisha mfululizo wa funksheni zisizokatika, zile ambazo grafu yake haina mruko, na jumla ikapatikana, basi jumla hiyo nayo haikatiki. Mwaka 1826 Niels Henrik Abel akaonyesha mfululizo unaokataa: sin x, toa nusu ya sin 2x, jumlisha theluthi ya sin 3x, toa robo ya sin 4x, na kuendelea. Kila kipande ni laini kama kigae. Jumla ni x/2 kati ya −π na π, kisha inaruka ghafla. Kiini cha tatizo ni kile kile: kila x inaweza kuwa na N yake, na madai ya Cauchy yanahitaji N moja inayozitosha x zote. Ilichukua miaka, hadi wakati wa Karl Weierstrass na wanafunzi wake, tofauti hiyo ikawa jambo la kawaida darasani. Jambo lililowasumbua watu wa kiwango hicho hulimalizi kwa muhula mmoja wa kukariri.

Sasa namna ya kulisoma. Soma theoremu moja, yaani dai lililothibitishwa, funga daftari, iandike tena pamoja na uthibitisho wake kwa maneno yako. Utakapokwama ndipo pale ambapo hukuelewa. Fungua hapo tu. Kisha ondoa sharti moja la theoremu utafute mfano unaoivunja. Darasani uliambiwa kwamba funksheni isiyokatika juu ya kipande kilichofungwa, tuseme kuanzia 0 hadi 1 pamoja na ncha zote mbili, ni lazima iwe na kilele. Iondoe ncha ya 0. Chukua 1/x: haikatiki popote kwenye kipande kilichobaki, lakini inapanda bila mwisho na kilele hakuna. Mfano huo mmoja utakukumbusha sharti la theoremu kuliko kulisoma tena na tena. Tafuta mwenzako mmoja, mketi maktaba, yeye adai epsiloni nawe utoe N, kisha mbadilishane. Theoremu mbili kwa siku zinatosha kabisa.

Umeuliza kama kila tawi lina namna yake. Ndiyo, na nadhani hili ndilo tunalolisahau zaidi kuwaambia wanafunzi. Tunawapa ratiba ya kozi tano, wanazisoma zote kwa mtindo mmoja.

Aljebra dhahania, utakayoianza karibuni, husomwa kwa mifano midogo inayoshikika. Kata karatasi ya mraba, andika herufi A, B, C, D kwenye pembe zake, mbele na nyuma. Izungushe robo, kisha ipindue kushoto kulia. Rudi mwanzo, uipindue kwanza, ndipo uizungushe. Herufi zitakaa tofauti. Miondoko inayorudisha mraba mahali pake ni 8. Ukifuatisha mmoja kwa mwingine unapata mmoja wa hao hao, na mkusanyiko wa namna hiyo huitwa kundi. Hilo ndilo kundi lako la kwanza ambalo mpangilio wa kuzidisha, yaani wa kufuatanisha miondoko, una maana. Tafuta makundi madogo yote yaliyomo ndani yake: utapata ya ukubwa wa 1, 2, 4 na 8, kamwe si 3 wala 5, na utaiona theoremu ya Lagrange, isemayo kwamba ukubwa wa kundi dogo hugawanya ukubwa wa kundi zima bila baki, kabla hujafundishwa. Halafu jiulize kama kinyume chake ni kweli. Si kweli: kuna kundi la miondoko 12, ile ya kupanga upya vitu vinne kwa mabadilishano ya idadi shufwa, lisilo na kundi dogo la 6. Anayeingia mtihani wa aljebra akiwa na mifano mitano anayoijua kama nyumbani kwao huwa na nafasi nzuri kuliko aliyekariri fasili hamsini.

Takwimu husomwa kwa data mkononi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,564,296 katika kaunti 47, na jedwali za Shirika la Kitaifa la Takwimu zinapatikana kwa umma. Wastani kwa kaunti ni kama milioni 1.01. Andika majina ya kaunti kwenye vikaratasi, chagua kumi kwa bahati nasibu, piga wastani wao, urudishe, urudie mara nyingi. Utaona wastani hizo zikitawanyika, na utaona Nairobi, yenye watu 4,397,073, ikivuta sampuli juu kila inapotokea. Kisha chagua ishirini badala ya kumi uone mtawanyo unavyobana. Zoezi hilo ukilifanya kwa mkono, na baadaye kwa programu ya R ambayo hailipiwi, fomula ya kosa la sampuli haitakuwa tena kitu cha kukariri.

Milinganyo ya mabadiliko, ambayo ndiyo moyo wa hisabati tumizi, huanza na dhana kuhusu ulimwengu. Kielelezo cha maambukizi cha Kermack na McKendrick cha mwaka 1927 kinawagawa watu mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, walioambukizwa, na waliotoka kwenye mzunguko kwa kupona au kufa. Kabla ya kutatua chochote, uliza tu ni lini fungu la wagonjwa linaongezeka. Linaongezeka pale mgonjwa mmoja anapoambukiza zaidi ya mtu mmoja kabla hajapona. Umelipata hilo kwa kutazama tu kama mabadiliko ya fungu hilo ni chanya au hasi, bila suluhisho. Katika tawi hili kuchora na kujaribu kwa lugha ya programu ya Python ni sehemu ya kusoma, na kuzihoji dhana ni sehemu kubwa zaidi.

Akchuari, yaani hesabu ya hatari katika bima na pensheni, nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa njia yake imeshachorwa. Wanafunzi wengi wa hapa hufanya mitihani ya chama cha maakchuari cha Uingereza au cha Marekani sambamba na shahada au baada yake. Mitihani hiyo ni mingi, inadai kasi na nidhamu ya miaka, na hapo karatasi za zamani zina faida kweli. Uende ukiwa unaipenda kazi ya bima na pensheni yenyewe.

Kuhusu ajira, sitakudanganya: hakuna ofisi Nairobi inayotangaza nafasi ya "mtu wa hisabati safi". Wanaoajiri wahitimu hao ni benki, kampuni za bima, kampuni za programu na taasisi za utafiti, na kila moja itakuuliza unaweza kufanya nini na kompyuta. Kwa hivyo hata ukibaki kwenye hisabati safi, jifunze kuandika programu na uchukue angalau kozi mbili za takwimu. Ukitaka kufundisha sekondari, fahamu mapema kwamba shahada ya sayansi peke yake haikupi usajili wa TSC, tume ya walimu. Utahitaji stashahada ya uzamili ya elimu. Ukitaka kuendelea na masomo, mtandao wa AIMS, taasisi za Afrika za sayansi za hisabati, ulioanzia Cape Town mwaka 2003, una kituo Rwanda na hufadhili shahada ya uzamili.

Wala usidhani hisabati safi haigusi maisha. Mbinu ya RSA ya kuficha ujumbe, iliyotangazwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, ni nadharia ya nambari tupu. Chukua nambari tasa 3 na 11, zao lake 33. Ujumbe wako ni 4. Uzidishe kwa wenyewe mara tatu, 64, ugawe kwa 33, baki ni 31. Hiyo ndiyo siri unayotuma. Mpokeaji anaipandisha 31 kipeo cha 7, anagawa kwa 33, na baki ni 4. Jaribu mwenyewe, ukikumbuka kwamba kwa hesabu za baki 31 ni sawa na −2. Mifumo halisi hutumia nambari tasa zenye mamia ya tarakimu, na usalama wake unategemea kwamba hakuna anayejua njia ya haraka, kwa kompyuta za kawaida, ya kulichambua zao hilo kurudi kwenye tasa zake.

Basi muhula huu fanya hivi. Jisajili kurudia uchanganuzi, uuweke pamoja na kozi moja ya uwezekano na ile ya aljebra dhahania, uache kuchagua njia hadi mwisho wa muhula ikiwa idara yako inaruhusu. Ikiwa hairuhusu, chagua takwimu au hisabati tumizi, lakini omba uchanganuzi ubaki miongoni mwa kozi zako. Na usiku wa leo, kabla ya kulala, thibitisha hili bila kufungua daftari: kila mfuatano wenye kikomo una mpaka wa juu na wa chini. Utahitaji epsiloni moja tu, na 1 inatosha.