Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima udongo wa mfinyanzi wa Red River, Kanada

Juzi nimepokea mifuko ya sampuli kutoka shamba moja kusini mwa Winnipeg. Imefungwa vizuri, namba zinasomeka, kina kimeandikwa. Tarehe hakuna. Nikamuuliza kijana aliyeileta, udongo ulikuwa na unyevu gani? Akanijibu, "Wa kawaida tu, kaka." Jamani! Kila mwaka wanakuja wapya, na kila mwaka nakutana na huyo "wa kawaida".

Basi nayaandika haya leo, nikiulizwa tena niwe natuma tu. Haidromita, ya kupimia chembe za udongo zinavyotua majini, mnaijua; kuviringisha udongo na kuutoa utepe vidoleni ili kujua mfinyanzi ni kiasi gani, mnajua. Hayo sirudii.

1. Jueni mmesimama juu ya nini. Tunapaita bonde, lakini ukitazama huoni kilima upande huu wala ule. Hii ni sakafu ya ziwa. Ziwa Agassiz lilijaa maji ya barafu kuu iliyokuwa ikiyeyuka, na lilipokwisha kutoweka, yapata miaka 8,000 iliyopita, likaacha mfinyanzi ambao sehemu nyingi za Winnipeg una unene wa mita kumi hivi na zaidi. Mto umekuja baadaye. Kwa hiyo anayeandika kwenye ripoti kwamba "mfinyanzi huu umeletwa na mafuriko" amepata nusu. Mafuriko yameongeza yake ukingoni, na huko yametua yale mazito kwanza, mchanga mwembamba na vumbi la mto, ndiyo maana kingo zimeinuka kidogo na zinalimika kwa urahisi. Ukiuacha mto nyuma ndipo unapokutana na mfinyanzi wenyewe. Wakulima wa Métis, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, waligawana viwanja vyembamba virefu, kila kimoja kikianzia mtoni, na kila familia ikapata kipande cha ukingo. Watu wale walijua walichokuwa wakikifanya.

Mliotoka Usukumani hapa mna faida, ila hamuitumii. Bibi zenu walijua luseni, udongo wa kichanga, iko juu na mbuga, mfinyanzi mweusi, iko chini bila kupima chochote. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alipokuwa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, miaka ya 1930 aliliona jambo hilohilo kwenye miteremko ya Afrika Mashariki, akalipa jina la katena, yaani udongo unavyobadilika kwa mpangilio kutoka juu ya mteremko hadi chini, na leo linafundishwa dunia nzima. Huku mteremko hauonekani kwa macho, lakini tofauti ndogo tu ya kimo inakutoa kwenye aina ya udongo iitwayo Red River na kukuingiza kwenye aina ya Osborne, ambao maji yanakaa hata majirani wameshaanza kupanda. Msiidharau nusu mita.

2. Kila kipimo kiandikiwe tarehe na unyevu. Hata kama umechoka. Hata kama mvua inakunyeshea.

3. Nyufa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumia.

Nilikuwa bado mgeni nilipotumwa kwa mzee mmoja aliyetaka kujenga banda la matrekta. Paa kubwa, sasa maji yake yaende wapi? Mhandisi alitaka kujua kama shimo la kunyonya maji litafaa, na mimi kazi yangu ilikuwa kupima kasi ya maji kuzama. Ilikuwa Agosti, mvua hakuna, ardhi imepasuka hivi kwamba rula yangu ya sentimita thelathini ilizama yote ufani na haikugusa kitu. Nikagongomelea ringi zangu mbili, nikamimina maji. Yakapotea. Nikaongeza. Yakapotea. Mimi huyo, na daftari langu, nafurahi. Nikaandika kwamba udongo unapitisha maji vizuri sana. Mfinyanzi wa asilimia sabini, nimeupa kasi ya mchanga wa pwani, na wala sikushtuka!

Kibaya zaidi ni kwamba niliona. Pembeni palikuwa na shimo la profaili, la kuonea tabaka za udongo, nililochimba asubuhi. Nilipoinama kuokota kalamu nikaona ukuta wa shimo unatoa maji. Yalikuwa yanachuruzika kwenye ule uso unaong'aa, pale mabonge ya udongo yanaposuguana yakivimba na kusinyaa, yanashuka taratibu mpaka kwenye koleo langu. Maji yangu mwenyewe. Hayakuwa yamezama popote, yalikuwa yamepita ufani na kutokea upande wa pili. Nikasema moyoni, aa, yamevuja kidogo. Nikaenda kuchota mengine.

Mzee akaja, akasimama, mikono mifukoni. Akaniuliza kama nitarudi kupima tena theluji ikiyeyuka. Nikamwambia hapana, mzee, haina haja. Akatikisa kichwa akaenda zake. Kwetu mzee akikuuliza swali namna ile, unajua ameshakujibu. Sijui adabu yangu niliiacha uwanja gani wa ndege.

Shimo likachimbwa, likajazwa kokoto, banda likajengwa. Mvua za Septemba zikaja na nyufa zikaanza kufumba. Halafu theluji. Aprili theluji ya paa na ya uwanja mzima ikaenda shimoni, shimo likawa kisima kilichojaa hadi mdomoni. Maji yakajipenyeza chini ya sakafu, mfinyanzi ukanywa ukavimba, na zege likainuka upande mmoja. Mlango mkubwa wa kusukuma ukagoma. Matrekta yako ndani, msimu wa kupanda umefika.

Nilipelekwa nikaone. Mzee hakunifokea, na ningeshukuru kama angenifokea. Alinionyesha mlango tu, akanisogezea nafasi. Nikasukuma kwa bega, ukasogea upana wa kiganja, ukakwama. Nikasukuma tena. Akanitazama mpaka nilipoacha, kisha akaniuliza kama nitakunywa kahawa. Kahawa ile sikumbuki ladha yake.

Namna ya kufanya ni hii: lowesha eneo mpaka nyufa zifumbe, ikibidi siku kadhaa, ndipo upime. Basi.

4. Ugumu wa juu usikudanganye. Oktoba 1913, pale Transcona, ghala jipya la nafaka la kubeba busheli milioni moja liliinama karibu nyuzi 27 ndani ya saa ishirini na nne hivi, likiwa karibu limejaa. Mapipa yake ya zege hayakuvunjika. Kilichoshindwa ni udongo. Tabaka la juu, la kahawia, lilikuwa gumu na ndilo lililopimwa. Chini yake kuna mfinyanzi wa kijivu, laini zaidi, ambao hakuna aliyeuuliza. Wakaja kulisimamisha tena kwa jeki, ghala zima. Sasa kijana anaposhuka na kekee mita moja na nusu, mikono ikamuuma, akaandika "chini ni hivyohivyo", mimi nalikumbuka ghala lile.

5. Maabara. Ukiona maji ya silinda ya haidromita yametakata mapema na udongo umeshatua, usikimbilie kusema ni mchanga. Udongo huu una jasi, hasa chini, na jasi inagandanisha chembe za mfinyanzi zikatua kwa mafungu. Osha chumvi kwanza, kisha tia sodiamu heksametafosfeti, dawa ya kutenganisha chembe, uache ulale usiku mzima. Na jasi hiyohiyo ndiyo inayokula zege, ndiyo maana hapa misingi inataka saruji inayostahimili salfeti.

6. Usiingize pikapu shambani kukiwa na unyevu. Si kwa sababu utakwama tu, ingawa utakwama. Tairi moja kwenye udongo ulioloa linaua mpangilio wa chembe ambao baridi imeutengeneza miezi yote, kuganda na kuyeyuka, mpaka juu pawe tifutifu kama makombo ya mkate. Mkulima hatakusamehe. Na mwezi Aprili angalieni mto kabla ya kupanga safari: Red River unakwenda kaskazini, kusini kunayeyuka wakati mbele bado ni barafu, maji yakikosa pa kupita yanatandaa. 1950 yalitandaa mjini. 1997 kusini mwa mji paligeuka bahari, na Winnipeg ikaokolewa kwa sehemu kubwa na mfereji wa kilomita 47 uliochimbwa miaka ya 1960.

7. Gambuti zioshwe nje, kwa mpira. Sinki la maabara limeziba tena, fundi amekuja, ametoa ndoo nzima ya mfinyanzi uliovimba kwenye bomba. Bili iko mezani kwangu. Aliyehusika anajijua, na Jumatatu atanikuta saa mbili asubuhi.