Maswali yenu: Kamji ka Ballyhaunis, njaa ya viazi, na msiba wa jirani

SWALI: Asalam aleikum. Kijana wangu wa mwisho amepata kibali cha kazi Ireland kwenye kiwanda cha nyama, mji unaitwa Ballyhaunis, tumeutafuta kwenye ramani ni kidoti tu. Sa nauliza, huko wageni wapo au atakua yeye peke yake? Msikiti je? Na Ramadhani atafunga vipi, maana nasikia jua halizami. – Mama, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam mama. Kati ya vimji vyote vya Ireland mwanao kaangukia pazuri, we acha tu. Ballyhaunis iko kaunti ya Mayo, magharibi kule, sensa ya 2016 ilikuta watu hawafiki hata 2,400, yaani ni mtaa mmoja wa Likoni, lakini karibu watu 4 kati ya 10 hawakua raia wa Ireland. Wapakistani, Wasiria, Wapoland, Waafrika, wote wamo.

Ilianzaje? Nyama, mama. Miaka ya 70 alikuja mfanyabiashara Mpakistani, Sher Mohammad Rafique, akaona huku kuna ng'ombe na kondoo wa kumwaga na kule Uarabuni kuna watu wanataka nyama halali, akafungua machinjio. Wachinjaji Waislamu wakaletwa, wakaleta wake, watoto wakazaliwa, wanaongea Kiingereza cha Mayo huwezi kuwatofautisha ukiwa umefumba macho. Na mwaka 1987 ukajengwa msikiti. Sio nyumba iliyogeuzwa, ni msikiti toka msingi, na ndo unaotajwa kuwa wa kwanza wa hivo kwenye Jamhuri yote ya Ireland, Dublin yenyewe wakati huo walikua wanaswali kwenye jengo lililokua kanisa. Kwahiyo hataswali chumbani.

Jua linazama, ila linazama kwa ratiba yake. Juni magharibi inaingia baada ya saa nne usiku, Disemba saa kumi na nusu jioni kiza kishaingia. Miaka hii Ramadhani inaangukia majira ya baridi, funga sio ndefu kama ya Juni, ashukuru.

Kingine usije ukachanganya, Ireland sio Uingereza. Pesa yao ni euro na visa ni ya kwao wenyewe, hiyo ya London haimuingizi kazini Mayo. Ila magari yanapita kushoto kama kwetu na plagi ni za pini tatu, chaja asinunue nyingine. Nguo ya mvua ndo anunue. Nyumba za kupanga zimekua shida nchi nzima, kwahiyo kabla hajapanda ndege amuulize mwajiri atalala wapi, na jibu liwe kwa maandishi. Na kazi yenyewe, mama, ni ngumu, baridi ya kiwandani, kisu mkononi kutwa nzima, asije akasema hakuambiwa.

SWALI: Hivi ni kweli Waairishi walikufa kwa njaa sababu ya viazi? Nashindwa kuelewa, watu wazima wamezungukwa na bahari na ng'ombe wanakufaje? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ni kweli na si kweli. Viazi viliugua kuanzia 1845, ugonjwa wa ukungu unaingia shambani leo, wiki ijayo ni uozo tupu. Lakini ukungu huo ulipita nchi nyingi za Ulaya na hazikufa hivo. Tatizo lilikua ardhi. Mashamba ni ya mabwana wakubwa, mkulima ni mpangaji tu, ngano na ng'ombe anaofuga ni wa kuuza ili alipe kodi, yeye na wanae wanakula viazi maana ndo zao pekee linaloweza kulisha familia kwenye kipande kidogo. Viazi vikifa, kodi iko palepale. Meli zilikua zinatoka bandarini na chakula kwenda Uingereza huku watu wanakufa barabarani, na ukishindwa kodi unatolewa nyumba inabomolewa. Walikufa kama milioni moja, wengine milioni wakakimbia nchi.

Mayo ndo ilipigwa haswa. Mwaka 1841 ilikua na watu karibu 389,000, miaka kumi baadae 274,000, na leo, soma vizuri, ni kama 138,000. Haijawahi kurudi. Vizazi na vizazi kijana wa Mayo alijua ataenda kuvuna viazi Scotland au kujenga barabara Uingereza au atapanda meli ya Marekani, na mzee nyumbani anasubiri barua yenye dola. Hapo hakuna haja ya kuwaelezea Waswahili.

Ila hawakukaa kimya. Michael Davitt alizaliwa Straide, humohumo Mayo, 1846, familia yao ikafukuzwa kwenye nyumba akiwa mdogo, wakahamia Uingereza, na kiwanda cha pamba kikamkata mkono ana miaka 11. Akarudi mtu mzima na 1879 akawa mstari wa mbele kuanzisha chama cha kudai ardhi, mkutano wa kwanza mkubwa ulifanyika Irishtown, si mbali na Ballyhaunis. Mwaka uliofata wakamsusia msimamizi mmoja wa mashamba aliyeitwa Boycott: havuniwi, hauziwi kitu dukani, hasalimiwi. Ikabidi waletwe wavunaji kutoka mbali chini ya ulinzi wa wanajeshi, na gharama ya ulinzi ikazidi mavuno kwa mbali. Mimi hapo huwa nacheka mwenyewe.

SWALI: Niko Mayo mwaka wa kwanza, nalea wazee kwenye nyumba ya wazee. Baba wa jirani yangu amefariki, naona magari tu yanaingia. Sijaalikwa. Niende? – Dada wa Bungoma

JIBU: Nenda leo leo dada! Msiba kule haualikwi kama vile haualikwi kwetu. Kuna redio ya eneo, Midwest Radio, makao yake yako hapohapo Ballyhaunis, inasoma matangazo ya vifo kila siku na watu wanapunguza kelele kusikiliza, aliyekulia na matangazo ya vifo ya redio ya taifa atajisikia nyumbani. Mara nyingi jeneza linakua wazi sebuleni. Unapanga foleni, unawashika mkono wafiwa mmoja mmoja, unasema "sorry for your trouble", basi, hotuba haitakiwi. Utapewa chai na sandwichi na usikatae. Wenyewe wanazika haraka, siku mbili tatu, kwahiyo ukisubiri wikiendi umekosa. Ukitaka kubeba kitu, keki inatosha. Watu watakujua kwa jina kuanzia siku hiyo, na bila hapo unaweza kukaa miaka mitano ukabaki yule mgeni wa nyumba ya wazee.

SWALI: Wanacheza mpira gani huko, kaka yangu abebe viatu? – Kijana, Temeke

JIBU: Abebe, na virefu vya meno maana ni matope. Soka lipo lakini roho ya mji ni michezo ya kwao. Kuna mpira wa Kigaeli, mkono na mguu vyote ruksa, na hurling, fimbo na kampira kagumu, usicheze bila helmeti. Ballyhaunis ni moja ya sehemu chache za Mayo zenye kuupenda hurling. Hakuna mchezaji anayelipwa mshahara, hata akijaza uwanja wa Croke Park unaoingiza watu 82,300, Jumatatu anarudi kufundisha shule.

Ila amuonye asiguse kidonda. Mayo hawajachukua kombe la Ireland la mpira wa Kigaeli toka 1951. Wanasimulia kwamba timu ilipokua inarudi na kombe ilipita kwa shangwe mbele ya msiba pale Foxford, ikalaaniwa, hamna kombe mpaka wachezaji wote wa siku hiyo wafe. Toka 1989 wamefika fainali 11, wamepoteza zote. Wa mwisho wa kikosi kile alifariki Septemba 2021, wiki mbili baada ya Mayo kufungwa tena fainali. Kwahiyo laana imeisha, sasa hivi wanafungwa kwa uwezo wao wenyewe.