Mume kanipiga marufuku kwa Mpemba, na deni hajui

"Shikamoo Shangazi. Mi mama wa watoto wawili, naishi Makorora hapahapa Tanga. Mume wangu ana mshahara wa mwisho wa mwezi, ila mimi ananiachia elfu kumi kila asubuhi ya matumizi. Vitu vyote nachukua duka la Mpemba mtaani, mkaa wa kopo kwa jirani, mboga gengeni. Juzi mume kapitia supamaketi mjini karudi na risiti, kanionyesha sukari kilo 2,800 wakati mi nanunua robo 800, mafuta nayo hivyohivyo, kasema namfilisi na kuanzia sasa marufuku kwa Mpemba. Mama mkwe kadakia, eti wanawake wa siku hizi wavivu, yeye enzi zake akiamka alfajiri anaenda soko la Mgandini kwa miguu. Shangazi, asichojua mume ni kwamba kwa Mpemba nina deni la elfu sitini na nane kwenye daftari. Na mke wa huyo Mpemba ndo alokaa na mimi nilipojifungua huyu wa pili. Nikihama atadai hela yake, na atamdai mume. Nifanyeje? Mama wa Makorora."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili maana mara ya kwanza nlidhani unauliza duka, kumbe duka umelitanguliza mbele ili deni lijifiche nyuma yake. Haya, tuanze na duka kwanza halafu deni tutalifikia tu, usijali.

Kwenye hesabu ya sukari mumeo hajakosea, niwe mkweli. Robo nne za 800 ni 3,200, kwaiyo kila kilo unaacha mia nne dukani. Lakini na yeye kapiga hesabu nusu. Alipita akitoka kazini, hakulipa nauli ya kwenda makusudi. Wewe utoke Makorora na mtoto mgongoni, bodaboda tuseme buku kwenda buku kurudi, ukanunue kilo moja ya sukari uokoe mia nne? Hapo umepata hasara ya 1,600 na jua limekupiga bure. Supamaketi inalipa kama unachukua vitu vingi kwa mkupuo mmoja, la sivyo ni matembezi. Na wale wenzetu wanajua kupanga vitu, biskuti na pipi ziko usawa wa macho ya mtoto pale pa kulipia, we ngoja tu uende na huyo mkubwa wako uone kama utatoka na sukari peke yake. Alafu tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 kila ukisahau kikapu nyumbani unanunua mfuko mwingine, nina hakika hapo kwako ipo mingi imekunjwa nyuma ya mlango.

Sasa sikiliza hili ndo kubwa. Elfu kumi mara siku thelathini ni laki tatu. Yaani mwanangu we unashika laki tatu kila mwezi lakini hujawahi kuziona zimekaa pamoja hata siku moja. Mtu anayepewa elfu kumi asubuhi na jioni iwe imeisha atanunua nini zaidi ya robo sukari, robo mafuta, mkaa wa kopo na sabuni ya kipande? Hiyo si uvivu wala ufujaji, ndo hela ilivyokuja. Mkaa ndo mbaya kuliko vyote, piga hesabu ya makopo unayonunua mwezi mzima ulinganishe na bei ya gunia, utashika kichwa. Anayekufanya ununue kwa Mpemba ni mumeo mwenyewe na hizo elfu kumi zake za asubuhi, alafu huyohuyo anakuja na risiti.

Kwaiyo usigombane naye supamaketi au Mpemba. Mwombe abadilishe utoaji. Mshahara ukitoka akupe laki na nusu kwa mkupuo, ile laki na nusu nyingine aendelee kukuachia elfu tano tano kila siku. Hela ni ileile, hajaongeza hata shilingi. Hiyo ya mkupuo ni ya vitu vikavu, mchele, sukari, mafuta, maharage, sabuni, chumvi, majani ya chai na gunia la mkaa. Elfu tano ya kila siku ni ya samaki, mboga, nazi, maziwa ya mtoto.

Na hivyo vitu vikavu wala usikimbilie supamaketi moja kwa moja, nenda kwanza maduka ya jumla kule Ngamiani, uulize bei ya kilo tano tano au ya dazeni kwa sabuni, andika kwenye simu, ndo uende ukalinganishe na hiyo supamaketi ya mumeo. Mara nyingi utakuta supamaketi imeshinda kitu kimoja viwili vilivyo kwenye ofa na vingine vyote imeshindwa. Ukilinganisha angalia uzito mwanangu, usiangalie ukubwa wa pakti. Mafuta hasa, kuna chupa imeandikwa lita na nyingine kilo, na si sawa, lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa gramu mia tisa na kidogo tu, kwaiyo wa kilo akikuuzia bei moja na wa lita, chukua wa kilo. Pakti za unga na sabuni ya unga nazo wanapunguza gramu bei inabaki palepale, na huwezi kujua mpaka usome yale maandishi madogo. Ukipimiwa kwenye mizani tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, kama haipo au imechakaa haisomeki, uliza, usione haya.

Ila usije ukanunua gunia la unga kwa furaha ya hela ya mkupuo. Hapa Tanga joto na unyevu wa bahari havina huruma, dona ndo inawahi kuharibika kwa sababu kiini cha mahindi kimo humohumo na kile kina mafuta, wiki chache inaanza kunuka na kuchachuka, sembe inavumilia zaidi lakini wadudu nao wanaipenda. Unga nunua wa wiki mbili tu. Mchele unakaa, ukiona vidudu unauanika juani unapepeta unaendelea. Sukari weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Kama mna majirani wawili watatu mnaoelewana, changeni mnunue gunia la mchele mgawane kwa mizani, ila mgawane siku hiyohiyo na wote mkiwepo, manake gunia likilala kwa mmoja kesho kuna maneno.

Mama mkwe sasa. Mama huyu ana la kwake la haki. Mgandini bei ni nzuri kwa mboga, karoti na kabichi na hoho zinazoshuka kutoka Lushoto, machungwa ya Muheza msimu wake, nazi. Tofauti na gengeni unaiona kwa macho, maana yule mama wa genge naye katoa huko huko kaongeza nauli yake na faida yake. Lakini kila alfajiri na watoto wawili wadogo? Hapana. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, nyanya chukua zilizoiva na zisoiva pamoja zifike katikati ya wiki. Na mbona kazi hii mnampa mwanamke peke yake, mumeo hana baiskeli? Tanga hii tambarare, kila nyumba ina baiskeli, Jumamosi apakie kapu kwenye keria aende mwenyewe Mgandini na karatasi yako mkononi. Akirudi na nyanya zilizopondeka ataelewa mengi kuliko utakavyomweleza wewe.

Samaki usimnunue gengeni ukiweza kungoja wa soko la samaki la Deep Sea, na ujue majira. Kipindi cha upepo wa kusi bahari inachafuka samaki wanakua ghali, hapo kula maharage na mboga bila kinyongo, kaskazi ikiingia mtakula samaki mpaka mchoke. Dagaa nao mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa taa hawapati kitu, bei inapanda, subiri giza. Na Shaaban nunua tambi na sukari mapema, usingoje mwezi wa Ramadhani uandame ndo ukimbilie dukani na watu wote wa mji.

Mpemba je? Mpemba usimhame. Yule bei yake kubwa lakini anakufungulia saa nne usiku mtoto anapolia, anakata sukari robo na sabuni nusu, na anakopesha bila kukuuliza kitambulisho, hayo yote yamo ndani ya hizo 800. Nani atakukopesha supamaketi? Bakisha kwake vitu vya dharura, kiberiti, chumvi imeisha ghafla, mkate wa asubuhi, maziwa kwa vile hujaniambia kama una friji nami nachukulia huna.

Tukija kwenye deni. Elfu sitini na nane mwanangu. Hapa nakuuliza na usikasirike, unapewa elfu kumi kila siku, hili deni limetoka wapi? Kama ni mtoto aliumwa, kama ni siku mume alisahau kuacha hela, kama wageni walikuja, sawa, liko wazi. Ila kama asubuhi unatoa elfu mbili ya upatu au kikoba alafu jioni unakopa mchele, nataka ulijue hilo mwenyewe kabla ya kukaa na mumeo, kwa sababu ataliuliza. Upatu si dhambi, mwambie na upatu.

Na lazima umwambie. Usisubiri Mpemba amwambie mlangoni mbele ya watu, mwanaume wa kwetu huko anaona kavuliwa nguo. Mwambie siku ya mapumziko, kashakula, mama mkwe hayupo, watoto wamelala. Nenda kwa Mpemba kabla ya hapo umwombe akusomee daftari mstari kwa mstari uandike pembeni, uone ni unga mara ngapi, maziwa mara ngapi, na kama kuna mstari usioujua muulize Ami, huyo Mpemba wako, kwa upole hapohapo, madaftari nayo huwa yanakosea. Kisha umuwekee mume ile karatasi, umwambie, "Baba fulani, hili ni deni la chakula cha humu ndani, nililificha kwa kuogopa, na nimeona njia ya kulimaliza." Ndo unampa habari ya laki na nusu. Usianze na laki na nusu ukamalizia na deni, atahisi umemtegea.

Kulilipa, elfu kumi na saba kila mwisho wa mwezi, miezi minne limeisha. Mgao wa kwanza tu wa mkupuo ukitoka, peleka mwenyewe kwa Ami hiyo ya kwanza na umwambie ukweli kwamba vitu vikubwa sasa utakua unachukua mjini lakini hela yake inakuja kila mwezi, na umwone akikata mstari. Hatakasirika. Wanaomkasirisha ni wale wanaokopa kwake alafu wanapita upande wa pili wa barabara na mifuko ya supamaketi. Na hiyo miezi minne daftarini usiandikwe hata kiberiti.

Mkewe endelea kumtembelea kama kawaida, mambo ya kujifungua hayamo kwenye daftari lile.

Mama mkwe akianza tena na habari za alfajiri, mpe kapu na elfu tano ya siku hiyo aende Mgandini. Anawajua wauza nazi wa pale kuliko mimi na wewe.