Ukisajili kikoa, nani anaiona namba yako ya simu?

Nimesajili kikoa (jina la tovuti, kama mfano.com) juzi tu, na simu haitulii. Kila anayepiga anataka kunitengenezea tovuti. Namba yangu wameitoa wapi?

Inawezekana kabisa wameitoa kwenye kumbukumbu za usajili. Kila kikoa kina rekodi ya mwenyewe: jina, anwani, simu na barua pepe. Kwa miaka mingi rekodi hizo zilisomwa na yeyote kupitia mfumo wa WHOIS. Mambo yalibadilika Mei 2018, sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilipoanza kutumika. Kampuni nyingi za usajili zikaanza kuzificha. Nyingi, si zote, na vikoa vya nchi, kama .ke na .tz, kila kimoja kina kanuni zake.

Usikisie. Fungua lookup.icann.org, andika kikoa chako, kisha shuka hadi sehemu ya mwenye kikoa. Ukikuta namba yako imeandikwa waziwazi, ingia kwenye akaunti yako ya usajili uwashe ulinzi wa faragha leo hii. Kampuni nyingine huutoa bure, nyingine hutoza, na wakati mwingine upo ila haujawashwa.

Si bora niandike jina la uongo na namba isiyopatikana?

Hapana, tafadhali. Kwa vikoa kama .com na .org, kampuni ya usajili inawajibika kuthibitisha barua pepe au simu yako ndani ya siku 15. Usipojibu, kikoa chaweza kusimamishwa, na tovuti pamoja na barua pepe zake zikazimika. Kudanganya kwa makusudi ni sababu tosha ya kunyang'anywa kikoa. Tena siku mtu akiiba akaunti yako, utathibitishaje kuwa mali ni yako ikiwa jina lililoandikwa si lako? Kampuni ya usajili mpe ukweli. Umma ndio ufichwe.

Huduma ya faragha ikiweka jina lake badala ya langu, kikoa bado ni changu?

Swali hili wengi hulipuuza. Huduma ziko za aina mbili. Ya kwanza huacha jina lako, ila huweka anwani na simu zake badala ya zako. Ya pili husajili kikoa kwa jina lake yenyewe, wewe ukakitumia kwa mkataba mliowekeana. Kwa hii ya pili, haki yako imo ndani ya mkataba huo, hivyo usome: ukiacha kulipia huduma jina lako linarudishwaje, na ni nani wanaweza kupewa taarifa zako? Mahakama ikiamuru, watazitoa. Mimi huichagua ya kwanza inapopatikana.

Nikiwasha ulinzi leo, taarifa za zamani zinafutika?

Hazifutiki. Zipo kampuni zinazohifadhi nakala za rekodi za miaka iliyopita. Kwa hiyo washa ulinzi wakati uleule wa kusajili.

Nitumie barua pepe ipi?

Fungua ya pekee kwa kazi hii, uilinde kwa uthibitishaji wa hatua mbili, na uwe unaisoma. Isiwe ya kikoa hichohicho: kikiisha muda, barua pepe nayo inakufa, na onyo la kulipia halitakufikia.