Makala ya mwandishi wa masoko imewekewa kigezo cha tangazo: nirekebishe vipi?

Swali: Mimi ni afisa masoko na ninaishi Kijitonyama, Dar es Salaam. Niliandika katika Wikipedia ya Kiswahili makala kuhusu Seth Godin, mwandishi wa vitabu vya masoko na mjasiriamali wa Marekani, kwa kuwa vitabu vyake vimenisaidia sana kazini. Baada ya siku tatu nilikuta juu ya makala hiyo kigezo, yaani bango la onyo, kinachosema kwamba imeandikwa kama tangazo na kwamba vyanzo vyake havitoshi. Nimepunguza maneno ya sifa, lakini kigezo bado kipo. Nifanye nini? Pia mwajiri wangu, ambaye ametoa vitabu viwili vya masoko, ameniomba nimwandikie makala yake. Je, naweza kufuata utaratibu huohuo?

Jibu: Ndugu msomaji, nimeisoma makala yako yote pamoja na historia ya mabadiliko yake, na naona kwamba mhariri aliyeweka kigezo hakukuonea. Maneno ya sifa yalikuwa sehemu ndogo tu ya kasoro. Tanbihi zako karibu zote zinarudi kwa mhusika mwenyewe: tovuti yake, majalada ya vitabu vyake na maelezo ya wachapishaji wake. Kamusi elezo hukusanya yale ambayo watu wasio na maslahi na mhusika wamekwisha kuyaandika juu yake mahali panapoaminika, kwa hiyo ukifuta neno “gwiji” na kuziacha tanbihi zilezile, shahidi wako anabaki kuwa yule anayejitolea ushahidi mwenyewe. Katika mafunzo ninayoyaendesha kwa wahariri wapya hapa jijini, jambo hili ndilo linalochukua muda mrefu kuliko yote kueleweka, hasa kwa watu wa masoko, ambao kazi yao ya kila siku ni kuipamba bidhaa.

Tuitazame sentensi yako ya kwanza: “Seth Godin ni mbunifu aliyebadilisha kabisa fikra za wafanyabiashara duniani kote.” Msomaji akiuliza ni nani aliyepima fikra hizo, makala haina jibu. Sasa iweke hivi: “Seth Godin (alizaliwa 10 Julai 1960) ni mwandishi na mjasiriamali wa Marekani. Mwaka 1995 alianzisha Yoyodyne, kampuni iliyotumia michezo na mashindano ya mtandaoni kuwatangazia bidhaa watu waliokubali kupokea matangazo. Yahoo! iliinunua kampuni hiyo mwaka 1998.” Hapa hakuna sifa hata moja, lakini msomaji ameelewa kwa nini mtu huyu anastahili makala, na kila dai linaweza kuwekewa tanbihi yake. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika wasifu usemi huo una ukweli kamili.

Kuhusu mauzo hayo, umeandika kwamba “alilipwa dola milioni 30”. Kiasi kinachotajwa kweli ni takriban dola milioni 30 za Marekani, lakini malipo yalikuwa kwa hisa za Yahoo!, si fedha taslimu, nayo thamani ya hisa hutegemea bei ya sokoni ya siku husika. Andika basi kwamba kampuni iliuzwa kwa hisa zenye thamani ya takriban kiasi hicho, kisha weka tanbihi ya habari ya gazeti la wakati huo. Jambo la pili ni mpangilio wa miaka. Makala yako inaeleza kana kwamba kitabu *Permission Marketing* ndicho kilichozaa kampuni, ilhali kampuni ilianzishwa mwaka 1995 na kuuzwa mwaka 1998, nacho kitabu kilitoka mwaka 1999. Mambo hayo yakiwekwa kwa mpangilio wake wa kweli, msomaji ataona kwamba mwandishi aliandika juu ya kazi aliyokwisha kuifanya kwa mikono yake, na simulizi yenyewe inapata uzito zaidi.

Vilevile umeiacha kabisa Squidoo, jukwaa alilolianzisha ambapo watu waliandika kurasa kuhusu mambo wanayoyapenda, na ambalo maudhui yake yalihamishiwa HubPages, jukwaa jingine la namna hiyo, mwaka 2014. Nadhani uliliacha kwa heshima, lakini wasifu wa mjasiriamali unaotaja miradi iliyofanikiwa peke yake ni tangazo hata kama lugha yake imetulia. Eleza lilivyoanza na lilivyokoma, kwa sentensi mbili au tatu zenye vyanzo. Ukikuta ukosoaji dhidi yake, uandike tu pale ambapo chombo kinachoaminika kimeuchapisha, na utaje nani alisema nini. Kwa mtu aliye hai, kanuni ni kali zaidi: dai lenye utata lisilo na chanzo huondolewa mara moja, liwe la kusifu au la kulaumu.

Vyanzo vya miaka ile si rahisi kuvipata kwa kutafuta juu juu mtandaoni, kwa sababu viungo vingi vimekufa. Jaribu nakala zilizohifadhiwa na Internet Archive, hifadhi ya kurasa za zamani za intaneti, na kila unapoweka tanbihi ya ukurasa wa intaneti weka pia kiungo cha nakala yake iliyohifadhiwa. Ukifikisha mahariri 500 na akaunti yako ikatimiza miezi sita, unaweza kuomba kuingia Maktaba ya Wikipedia, inayofungua bila malipo hazina za magazeti na majarida ambazo kwa kawaida hulipiwa. Tovuti ya mwandishi mwenyewe si haramu; itumie kwa mambo mepesi yasiyobishaniwa, kama vile mahali aliposoma.

Naona aya kadhaa ulizitafsiri kwa programu kutoka makala ya Kiingereza. Tafsiri inaruhusiwa, lakini lazima utaje katika muhtasari wa kuhariri, yaani maelezo mafupi unayoyaandika unapohifadhi mabadiliko, kwamba umetafsiri na kutoka makala gani, kwa sababu leseni ya Wikipedia inadai waandishi wa awali watambuliwe. Lugha nayo irekebishwe: “uuzaji wa ruhusa” hauelezi kitu kwa mfanyabiashara wa Kariakoo, ilhali “kumtangazia mteja kwa ridhaa yake” anauelewa papo hapo. Majina ya vitabu yaache kama yalivyochapishwa. Picha uliyoichukua kwenye tovuti yake iondoe leo, kwa kuwa huna idhini ya mwenye hakimiliki. Ukimaliza, usikiondoe kigezo mwenyewe. Eleza marekebisho yako katika ukurasa wa majadiliano na umwombe mhariri aliyekiweka aipitie makala.

Kuhusu mwajiri wako, nakusihi usiianze makala hiyo kwa mkono wako. Tangu mwaka 2014, masharti ya matumizi ya Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, yanamtaka kila anayehariri kwa malipo amtaje anayemlipa, na afisa masoko anayeandika juu ya bosi wake kwa agizo la kazi anaingia humo. Itangaze hali hiyo katika ukurasa wako wa mtumiaji, kisha pendekeza katika jumuiya ya wahariri kwamba mtu asiyehusika aiandike, ukimpa vyanzo. Lakini kabla ya hapo, kaa na mwajiri wako mtafute ni nani aliyekwisha kuandika kwa kina juu yake bila kulipwa wala kuombwa naye: uhakiki wa kitabu chake katika gazeti, au makala ya jarida la kitaaluma. Namba ya ISBN inathibitisha tu kwamba kitabu kipo, na cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kinathibitisha tu kwamba kampuni imesajiliwa. Iwapo ni hivyo viwili tu mnavyovipata, mwambie waziwazi kwamba muda wa makala haujafika, kwani itafutwa, na kumbukumbu ya kufutwa kwake itaendelea kuonekana kwa yeyote anayeitafuta.