Maswali ya Wasomaji: Reli ya Modeli Huanzia Chini ya Meza

Barua nyingi za safari hii zinauliza habari za miti, nyumba na milima ya kupamba reli ndogo za treni za modeli. Tutafika huko. Tumetanguliza mbao na nyaya kwa sababu hizo ndizo zinazoamua kama modeli kubwa itatembea au itabaki pambo la chumbani.

Swali: Nina chumba kitupu cha mita 4 kwa 5. Nataka modeli ya skeli ya HO yenye treni za abiria za mabehewa marefu. Nijenge meza moja kubwa katikati, au rafu kuzunguka kuta?

Jibu: Rafu. Meza pana inapendeza kwenye karatasi, lakini mkono wa mtu mzima unafika sentimita 60, ukijinyoosha 75, na treni zina tabia ya kuanguka palepale usipofika. Rafu yenye upana wa sentimita 60, iliyoinuliwa sentimita 120 kutoka sakafuni, inafikika yote, na unaitazama treni kwa ubavu badala ya kuiangalia paa.

HO ni skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, kwa hiyo behewa halisi la mita 26.4 linakuwa na sentimita 30. Kwa behewa la namna hiyo, nusukipenyo cha tao kisipungue mara mbili na nusu ya urefu wake, yaani sentimita 75. Ukifikisha mara tatu, sentimita 90, hata kurudi nyuma na treni nzima kutakuwa salama. Yale matao ya sentimita 36 yanayokuja kwenye seti za kuanzia yatampitisha mkweche mfupi wa mizigo; behewa refu likipita hapo, katikati yake huingia ndani ya tao na ncha zake hutokeza nje, na uhalisia wote unakwisha. Usiogope kwamba tao la sentimita 90 halitakaa kwenye rafu ya 60. Reli ikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, tao zima linabaki juu ya rafu.

Kwa vipimo hivyo, mzunguko mmoja ni kama mita 15.6, sawa na kilomita 1.36 za njia halisi. Treni ikitembea kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa wa kiskeli, inauzunguka kwa sekunde 82 hivi. Ukiona yako inamaliza kwa nusu dakika, tatizo si udogo wa chumba. Unaikimbiza. Kipimo cha haraka: kwa mwendo huo, mita moja ya reli huchukua sekunde 5 na kidogo.

Tenga mapema mahali pa kuficha treni zinazosubiri zamu, maana modeli ambayo treni zote ziko wazi muda wote haidanganyi mtu. Injini moja na mabehewa 8 ni takriban mita 2.65, basi kila njia ya maficho iwe na mita 3 zilizo wazi. Wengi huyaweka maficho chini ya rafu, na hapo ndipo hesabu inapowaumbua. Ili mkono uingie na kuinua behewa lililoanguka, unahitaji nafasi ya sentimita 20 hivi kati ya ngazi mbili. Kwa mteremko wa asilimia 2, kushuka sentimita 20 kunataka mita 10 za reli, karibu theluthi mbili za mzunguko wako. Ukilazimisha asilimia 4, injini itashuka vizuri sana, ila itashindwa kupanda na mabehewa yake, hasa kwenye tao, kwa kuwa magurudumu yanayosugua reli ya nje huongeza mzigo.

Fremu iwe wazi, ya mbao za milimita 20 kwa 90, na vipande vya kukatiza kila sentimita 40. Juu yake weka plaiwudi ya milimita 12 chini ya reli peke yake. Penye bonde au mto acha wazi. Chipbodi usiiguse: ikinyonya unyevu huvimba, na hairudi tena. Paka mbao rangi pande zote kabla ya kutandika chochote, upande wa chini pia. Mlangoni weka kipande cha daraja kinachoinuka, na swichi ndogo ya kukata umeme kwenye sentimita 50 za mwisho kila upande. Bila hiyo, siku moja treni itashuka sakafuni, na sentimita 120 ni mbali.

Swali: Treni inakwenda vizuri karibu na kidhibiti, lakini upande wa mbali wa chumba inalegea na taa zinafifia. Natumia DCC, mfumo wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali zinazopita relini, wenye busta (kifaa kinachopeleka umeme relini) ya ampea 5. Nimeongeza volti, hakuna nafuu. Nyaya zangu mbili zimeungwa mahali pamoja tu.

Jibu: Rudisha volti ulikozitoa. Umeme unapotelea njiani. Reli za modeli ni aloi ya shaba, nikeli na zinki, ambayo hupitisha umeme vibaya mno ukilinganisha na shaba tupu, na kila kiunganishi cha bati kati ya vipande viwili hulegea na kushika kutu kadiri miezi inavyopita. Wewe unaupitisha umeme wote humo.

Tandika chini ya rafu nyaya kuu mbili za shaba za milimita 2.5 za mraba, za rangi mbili tofauti, zikifuata njia ya reli. Waya wa unene huo, kwa umbali wa mita 10 kwenda na mita 10 kurudi, ukibeba ampea 3 unapoteza kama volti 0.4. Wa milimita 0.75 za mraba unapoteza zaidi ya volti 1.3 kwa safari hiyohiyo. Busta ikae katikati ya rafu, nyaya ziende kushoto na kulia, ili hakuna mkono unaozidi mita 8. Kisha kila kipande cha reli kipate matawi yake mawili ya waya wa milimita 0.5 za mraba, yasiyozidi sentimita 30. Kila kipande, hata kile cha sentimita 10 kinachoonekana hakina maana. Hicho ndicho kitakachokusumbua baadaye.

Kulehemu tawi kwenye reli: sugua ubavu wa nje wa reli kwa tupa ndogo mpaka ung'ae, paka resini (si asidi, itakula reli na waya), weka risasi kidogo kwenye reli na kidogo kwenye waya, kila mmoja peke yake, ndipo uviguse pamoja kwa sekunde 2 au 3. Pasi ya wati 60 inafaa kuliko ya 25. Dhaifu huchelewa, na kuchelewa ndiko kunakoyeyusha mataruma ya plastiki. Karatasi laini iliyoloweshwa, ikiwekwa pande zote mbili za unapochoma, humeza joto linalokimbilia kwenye plastiki.

Ukimaliza, fanya jaribio la sarafu. Iweke juu ya reli mbili kila nusu mita. Busta inapaswa kukata umeme papo hapo kila mara. Pasipokata, njia ya umeme hapo ni nyembamba, na siku injini itakapopiga shoti mahali hapo, ampea 5 zitaendelea kupita kwenye magurudumu mpaka plastiki iyeyuke. Usifunike chochote kwa kokoto kabla sarafu haijapita mzunguko mzima.

Swali: Behewa lilelile linaanguka kwenye pointi ileile, pale njia ya reli inapogawanyika. Nibadilishe behewa au pointi?

Jibu: Bado usinunue kitu. Ligeuze behewa, nyuma iwe mbele. Likianguka kwa gurudumu lilelile, kosa liko kwenye behewa. Likianguka kwa gurudumu tofauti mahali palepale, kosa liko kwenye pointi.

Kwa behewa, pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja: kwa HO iwe karibu milimita 14.4. Ikiwa finyu, magurudumu hubanwa ndani ya pointi na kupanda juu ya reli. Halafu lipime uzito. Pendekezo la NMRA, chama cha Marekani cha wapenzi wa reli za modeli kilichoanzishwa 1935, ni gramu 28 na nyongeza ya takriban gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa la sentimita 15 basi lifike gramu 112. Mengi hutoka kiwandani yakiwa mepesi. Bandika vipande vya chuma sakafuni mwake, katikati na chini iwezekanavyo.

Kwa pointi, pitisha kucha juu ya kila kiungo. Kucha ikikwama, gurudumu nalo linakwama. Tazama pia kinachotangulia: tao la kushoto likifuatwa mara moja na pointi ya kulia, viungo vya mabehewa huvutana kwa pembe na kulisukuma moja nje. Katikati ya hayo mawili weka reli iliyonyooka yenye urefu wa behewa lako refu kuliko yote.

Swali: Nimemwaga kokoto na gundi, na sasa pointi mbili hazisogei kabisa. Zinaokolewa?

Jibu: Kama ulitumia gundi nyeupe ya mbao, ndiyo. Lowesha kwa maji ya vuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, subiri robo saa, kisha chokoa kwa kijiti cha meno huku ukisogeza ulimi wa pointi taratibu. Usiulazimishe, hung'oka.

Mara nyingine paka kwanza mbavu za reli rangi ya kutu, futa juu, ndipo umwage kokoto kavu na kuzisawazisha kwa brashi laini. Zisipande juu ya mataruma. Nyunyiza maji yenye spiriti au sabuni mpaka zilowe. Ukiruka hatua hii, gundi hujikusanya matone na kuzibeba kokoto pamoja nayo. Dondosha gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, uache saa 24. Kwenye ndimi za pointi usidondoshe kitu: bandika kokoto chache moja moja, na eneo la kusogea lipake rangi ya kokoto tu.

Swali: Nyumba nimenunua za gharama, lakini kila mgeni anasema "vitu vya kuchezea vizuri". Nakosea wapi?

Jibu: Miti, kwa uhakika wa karibu kabisa. Mti wa mita 15 katika HO ni sentimita 17, na watu hupanda ya sentimita 6, nyumba zote zikaonekana majumba. Pili, reli iliyo sambamba na ukingo wa rafu: ipindishe kidogo, hata digrii 5 zinatosha kuvunja mstari. Tatu, mng'ao. Plastiki mpya hung'aa. Puliza vanishi isiyong'aa juu ya nyumba, mabehewa na barabara, kisha piga unga wa chaki ya kijivu kwenye paa na chini ya kuta kwa brashi kavu. Fanya hayo kabla ya kununua nyumba nyingine.

Swali: Nisafishe reli kwa msasa?

Jibu: Hapana. Mikwaruzo ya msasa hukaa uchafu, na wiki ijayo utasugua tena. Tumia kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili, na badilisha magurudumu ya plastiki kwa ya chuma, kwa sababu ya plastiki ndiyo yanayosambaza ule uji mweusi mzunguko mzima.